Fundi Aliyebaki Kwenye Mnara

Wiki ile sikukaa kitako. Nikikaa, naona kiti kinanichoma. Nikisimama, nasahau nilichoinukia. Nilifua mapazia yaliyokuwa safi. Nilisukuma kabati la vyombo kutoka ukuta huu hadi ule, nikaliona halifai pale, nikalirudisha. Jirani yangu hapa Junda, mwanamke tuliyezoeana tangu mtaa mzima ulipokuwa ukichota maji kwenye bomba moja, alichungulia dirishani akaniuliza, "Dada, kwani wahama?" Nikamwambia mimi sihami, anayehama ni mwingine. Akasema, "Inshallah kheri," akaenda zake, maana ananijua nikianza kujibu kwa mkato.

Anayehama alikuwa mwanangu. Alikuwa anakwenda Kanada. Ni fundi wa kuchomelea vyuma, na kazi hiyo ameifanya tangu ujana wake katika yadi moja ya makontena upande wa Kipevu, hadi alipopata mkataba wa miaka miwili kwa watu wa huko. Tiketi ilikuwa ya Jumatatu. Viza ilikuwa tayari, sanduku tayari, koti zito la mtumba limeshaning'inizwa mlangoni likitutisha sisi tusiojua baridi. Kilichobaki kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa mikononi mwangu: radhi.

Sisi asili yetu ni Rabai. Tumekuwa Wakristo tangu enzi za mababu, lakini kuna mambo ambayo Ukristo haukuyagusa, na hili ni mojawapo. Mtu hatoki nyumbani kwenda mbali mpaka mzazi amtamkie. Ukienda bila kutamkiwa, hata ukikwaruzwa kidole huko ugenini, watu wa nyumbani wataulizana, "Kwani mamake alimwachilia?" Mwanangu aliniomba radhi mara ya kwanza jikoni, nikamwambia nina sufuria motoni. Akaniomba tena tulipotoka kanisani, nikamwambia jua kali. Si mjinga. Aliacha kuomba, akawa ananitazama tu, na kutazamwa huko kukanitia wazimu zaidi.

Sababu yangu ilikuwa kitanda. Mkataba ni wa miaka miwili, lakini yeye alikuwa amemgawia binamu yake kitanda chake, godoro na neti yake. Akagawa pia ile barakoa yake ya kuchomelea, ambayo mimi mama yake sikuruhusiwa hata kuipangusa vumbi. Mtu anayekwenda kurudi hagawi kitanda. Nilipomuuliza, alisema, "Nitanunua kingine, mama," akiangalia kucha za miguu yake. Mimi nilimzaa, najua anapozungumza na mimi na anapozungumza na kucha. Nilichotaka ni aniambie kwamba atarudi. Aseme kwa kinywa chake, ananiangalia usoni, nami ningempa radhi yake papo hapo na baraka za ziada juu yake.

Kumshika shati nimlazimishe, sikutaka. Nikatafuta njia ya kuzunguka, na katika kuzungukazunguka huko na kabati langu, nikamkumbuka yule fundi wa mnara.

Nililelewa Changamwe, katika nyumba za wafanyakazi wa bandari. Baba alikuwa karani wa shehena. Kazi yake ilikuwa kupanda kwenye meli, kusimama na mabaharia wa kila taifa na kubishana nao kuhusu magunia yaliyopasuka, na kubishana huko kulikuwa kwa Kiingereza. Alinunua televisheni ya mgongo, nyeusi na nyeupe, ya kwanza katika mstari wetu wa nyumba, na tangu siku hiyo sebule yetu haikuwa yetu tena. Watoto walikaa sakafuni, wanawake kwenye mikeka, wanaume wakaegemea dirisha kwa nje kama wapita njia waliosimama kidogo, na wapita njia hao walikuwepo mpaka bendera ya taifa inapepea na wimbo unapigwa kufunga matangazo.

Kipindi kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa cha watu wanaosafiri katika nyota. Walikuwa na chombo kikubwa chenye milango inayofunguka yenyewe, wakavaa nguo za kubana ambazo mama yangu alizionea haya, na kila wiki walishukia sayari mpya wakakuta taabu mpya. Walizungumza Kiingereza cha haraka. Katika chumba kile aliyekielewa alikuwa baba peke yake, basi baba akawa mkalimani. Aliweka kigoda chake ubavuni mwa televisheni, akatugeukia sisi, sikio lake moja kwa wazungu na uso wote kwetu, akatupa maneno kwa Kiswahili. Na alikuwa fundi wa kutia chumvi. Mabaharia wale wa angani wakishuka mahali, baba huwapigisha hodi. "Hodi hapa!" anasema nahodha. Kiumbe mwenye vichwa viwili anatokea nyuma ya jiwe, na baba anamjibia, "Karibuni, mwatoka wapi?" Kama kiumbe ni mzee, nahodha humwamkia shikamoo. Nilikua nikiamini kwamba adabu zetu zimefika mbinguni kote, nami niliona fahari.

Msikilizaji mkuu wa baba alikuwa Hawe, yaani bibi yangu, mamake baba. Alikuwa ametoka Rabai kuja kukaa nasi, na mahali pake palikuwa mkekani, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa, na hakuna mtoto aliyethubutu kuiruka miguu ile. Hawe hakujua Kiingereza, wala hakukubali kwamba mambo yale yalikuwa maigizo. Kwake, kama mtu anaonekana, basi yuko. Na Hawe alikuwa na mtoto mwingine, mdogo wake baba, aliyejiandikisha kwenye meli ya kigeni nikiwa sijazaliwa. Mwanzoni zilikuja barua, ukaja na mtandio mmoja wa hariri. Kisha kimya. Nyumbani kwetu jina lake lilikuwa likitajwa na mtu mmoja tu, Hawe, katika sala ya jioni, na likitajwa baba huinamisha kichwa chini zaidi.

Sasa kisa chenyewe. Jioni moja wale wasafiri walifika kwenye sayari kavu, hakuna mti hakuna nini, ila mnara. Juu ya mnara kuna taa, na taa hiyo ndiyo inayoonyesha njia vyombo vyote vinavyopita upande ule, visije vikagonga miamba inayoelea angani. Mtunza taa amekufa kwa uzee. Fundi wa chombo, bwana mmoja mnene mwenye upara, ambaye wiki zote alikuwa wa kuchekwachekwa tu, anashuka kuitengeneza. Anaitengeneza, lakini anagundua kwamba taa haitadumu bila mtu wa kuitunza kila siku. Lazima mmoja wao abaki, naye anajitolea. Mwishoni anaongea na nahodha wake kwa redio. Uso wake umejaa kioo kizima, anasema maneno machache, anainua mkono, na chombo kinaondoka.

Chumba kizima kilimgeukia baba. Baba alikohoa kidogo. Nakumbuka alimtazama Hawe. Kisha akasema, "Asema, niwekeeni nafasi yangu mezani, asikalie mtu. Kazi hii ikimalizika, narudi nyumbani."

"Haya, na arudi," akasema Hawe, kama anayejibu salamu. Na kwenye sala ya jioni ile ile, baada ya kumwombea mwanawe, aliongeza: "Na yule wa mnarani, Bwana, mkumbuke naye." Baba aliitikia amina kwa sauti kubwa. Tangu hapo fundi wa mnara aliombewa nyumbani kwetu kila jioni kama mtu wa ukoo, na hakuna aliyecheka, hata wale wajomba zangu wanaocheka matangani.

Mimi nilimpenda fundi yule kuliko watu wote wa televisheni. Kipindi kile kilipita, sikukiona tena, lakini nilikibeba. Mwanangu alipokuwa mdogo nilimsimulia mpaka akaweza kunisahihisha. Alipokwenda shule ya bweni Kwale, na mimi nimeshafiwa na mume nimebaki naye peke yake, tuliagana kwa maneno hayo hayo. Mimi nasema nimekuwekea nafasi yako, yeye anajibu asikalie mtu. Mpango wangu basi ulikuwa rahisi. Nitamkalisha chini tukitazame kisa kile pamoja. Fundi atasema maneno yake, mwanangu atayasikia, moyo wake utamsuta, atayarudia kwa kinywa chake. Nilijiona mjanja kweli.

Jumamosi mchana nikamwambia, "Kile kipindi cha mnara, hakipatikani kwenye hizo simu zenu?" Alikuwa akifunga sanduku lake kwa mara ya tatu au ya nne. Alibofyabofya kidogo akasema, "Hiki hapa, mama." Nilitegemea msako wa siku nzima. Kitu nilichokibeba kifuani tangu utotoni kilikuwa kimekaa tu pale, mtu yeyote angeweza kukiangalia akila njugu. Hilo nalo likaniudhi. Alikiunganisha na televisheni, nikatia chai kwenye birika, nikakaa, nikainuka kufunga dirisha, nikakaa, nikainuka kulifungua.

"Mama, tulia basi."

"Nimetulia. Wewe tazama huko."

Kwanza, kilikuwa na rangi. Sikujua kwamba kilikuwa na rangi siku zote. Fundi wangu wa kijivu alivaa shati jekundu la kuchoma macho. Miamba ilikuwa mbao zilizopakwa rangi, unaona hata mahali brashi ilipopita. Mnara, ambao kichwani mwangu ulikuwa mrefu kuliko matangi ya mafuta ya Changamwe, ulikuwa kama mnara wa maji wa shule. Na hakuna aliyebisha hodi. Waliingia sayari ya watu hivi hivi, viatu na vyote, mikono kiunoni, nikaona haya kwa niaba yao. Mwanangu alicheka. Akasema, "Babu alikuwa hatari," na tukacheka pamoja, na kwa muda huo mfupi nilisahau koti lililoning'inia mlangoni.

Kisha ikafika mwisho. Uso wa fundi ukajaa kioo. Nikajisogeza mbele, nikamtupia mwanangu jicho la pembeni nihakikishe anatazama. Fundi akasema maneno yake, akainua mkono, muziki ukapanda.

Maneno hayakuwa yale.

Kiingereza nakijua. Nimemaliza ujana wangu katika ofisi ya wakala wa forodha, nikiandika barua za Kiingereza mchana kutwa. Lakini masikio yangu yalikataa. Nikasema, "Rudisha nyuma." Akarudisha. Fundi akasema tena, vile vile. Nikasema rudisha. Mara ya tatu mwanangu hakuniangalia. Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili. Naye alikuwa amesikia.

"Nitafsirie," nikamwambia.

"Mama, Kiingereza si unakijua."

"Nitafsirie kwa Kiswahili, nisikie."

Sijui kwa nini nilimwomba vile. Labda nilitaka anidanganye. Maneno ya babu yake aliyajua kwa moyo, alikuwa ameyasema tangu hajaota meno ya pili; ilikuwa ni kuyatamka tu, na mimi ningeyapokea, na Jumatatu angekwenda na radhi yake na mimi ningekuwa na neno la kushikilia. Nje muuza samaki alipita akipiga kelele, akafika mwisho wa njia.

"Asema, msinisubiri," akasema hatimaye, taratibu, akitazama kioo. "Nafasi yangu mpeni mtu mwingine. Nimetafuta mahali pangu maisha yangu yote, na ni hapa."

Niliinuka nikatoka uani. Kulikuwa na nguo kwenye kamba, nikaanza kuzianua, mbichi vile vile, nikizitupia begani. Hasira yangu ya kwanza ilikuwa kwa marehemu baba. Asiniambie mtu kwamba alikosea. Mtu aliyekuwa akiwabana manahodha wa Kigiriki kwa Kiingereza mpaka wanatia sahihi, asielewe sentensi tatu za bwana mwenye upara? Alielewa. Alielewa, akamtazama mamake pale mkekani, na kabla hajafungua kinywa akageuza maneno juu chini. Msinisubiri akaifanya nisubirini. Akamsikia Hawe akisema na arudi, akamsikia akimwombea fundi kila jioni, akaitikia amina. Na mimi nikalichukua lile neno nikalelea nalo mtoto. Nilihisi kama nimekalia kiti maisha yangu yote, leo mtu anakivuta.

Mwanangu alinifuata. Akazichukua zile nguo mbichi begani mwangu, moja moja, akazirudisha kwenye kamba.

"Babu hakukosea," akasema.

"Najua hakukosea! Mimi ni mtoto?"

"Ningeweza kusema kama yeye."

"Mbona hukusema?"

Alibana shati lake mwenyewe kwenye kamba, kibanio kimoja, kisha cha pili. "Hawe alisubiri mpaka lini, mama?"

Nilijua jibu, kwa sababu ni mimi niliyemsimulia. Hawe alisubiri mpaka alipokufa. Wiki yake ya mwisho hakuwa akitujua sisi tuliomwogesha, alikuwa akiuliza tu kama meli imeingia, na baba alikuwa akimwambia bado, iko nje, yangoja nafasi gatini. Nililisema jibu hilo kwa sauti ndogo.

"Basi," akasema. "Sitaki ukae hivyo."

Nikamuuliza moja kwa moja, kwa kuwa njia za kuzunguka zilikuwa zimekwisha. "Utarudi au hurudi?"

Safari hii hakuangalia kucha. "Sidhani, mama. Nikipata nafasi ya kukaa, nitakaa. Nitakuja kukuona, nitakupigia simu mpaka unichoke. Lakini kuishi, nataka kuishi huko. Nilitaka kukwambia tangu siku ya tiketi, nikaogopa."

Iliniuma. Sitaki kulipamba: iliniuma mpaka nikashika nguzo ya kamba. Nilitaka kumwambia aende na asinijue tena, na nilitaka kumkumbatia, na mikono yangu ikabaki pale pale kwenye nguzo isifanye lolote. Lakini ndani ya maumivu yale kulikuwa na kitu ambacho wiki nzima nilikikosa. Sikuwa tena nikikisia. Mtoto wangu alikuwa amesimama mbele yangu, ananiambia ukweli, na hakuna aliyemgeuzia maneno.

Nikaingia ndani nikachota maji kwenye kikombe cha bati. Nilipotoka nacho alielewa. Alikaa chini pale uani, kwenye saruji yenye joto, akafungua vifungo vya shati. Hivi ndivyo tunavyofanya: mzazi anatia funda la maji kinywani, anayapuliza kifuani mwa mtoto, na maneno yanafuata. Maneno yenyewe hayatungwi. Ni yale yale aliyoambiwa baba yangu na Hawe, na mimi na baba. Uende salama. Ufike salama. Kinywa chako kipate kauli, mkono wako upate kazi. Adui akuone kwa nyuma. Na baada ya hayo, la mwisho, linalofunga yote: na urudi salama.

Nilimpulizia maji. Akashtuka kidogo, maana yalikuwa baridi. Nikayasema moja moja kwa mpangilio wake. Uende salama. Ufike salama. Nikafika kwa adui. Nikafika kwenye la mwisho, nikalikuta limenijaa kinywani, zito, lipo tayari kutoka kwa mazoea tu. Na nikaona kwamba nikiliachia litakwenda naye. Litakaa naye kule kila Krismasi, kila simu yangu, kila nikiugua, mpaka siku ya kunizika. Nikalimeza.

Yeye aliendelea kuinamisha kichwa, macho amefumba, maji yakimtiririka kifuani. Alikuwa akilingoja. Midomo yake ilikuwa imeanza kujiandaa kuitikia amina. Akafungua macho.

"Mama," akasema, na sauti yake ilikuwa ya yule mtoto wa shule ya bweni, "bado moja."

"Hakuna lililobaki, baba," nikamwambia. "Inuka."